UZI 🧵 Walipoteza uraia bila kuvuka mpaka: mashamba ya chai ya Kericho, mwaka 1985 na haki ya kupiga kura

1. Kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu Kericho na Bomet maneno ni yale yale. Mmoja anauliza: "Hawa wanaopewa vitambulisho ni akina nani? Si wanaletwa tu kupiga kura?" Mwingine anadai watu wetu walioko Marekani warudishiwe uraia wapige kura. Tunaongea kana kwamba hayo ni mambo mawili. Ni jambo moja: mtu akipoteza uraia anaupataje tena, na kura yake inarudi lini?

2. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nasomea sayansi ya siasa, sipigii mtu debe. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua kikombe chako cha chai. Hiyo chai nayo imo kwenye hadithi.

3. Tuanze na msingi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 83, inasema anayeweza kuandikishwa kuwa mpiga kura ni raia mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye hajapatikana na hatia ya kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. Basi. Kabila halimo. Shamba halimo. Babu yako alitoka wapi, halimo.

4. Lakini kwa vitendo kuna milango mitatu, na inafuatana. Wa kwanza ni uraia. Wa pili ni karatasi ya kuuthibitisha, yaani kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Wa tatu ni sajili ya IEBC. Mtu akikwama mlango wa kwanza, hiyo mingine miwili haimsaidii hata akizaliwa mita mia moja kutoka kituo cha kupigia kura.

5. Sasa historia. Kampuni kubwa za chai zilianza kulima Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa na serikali ya kikoloni. Kuchuma chai kunahitaji mikono mingi, mwaka mzima. Kampuni zikatafuta watu Kisii, Nyanza, kwa Waluhya, na mbali zaidi: Ruanda-Urundi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji.

6. Hao waliotoka Rwanda walikuja kufanya kazi, wakapewa nyumba za kampuni, wakazaa, wakazeeka, wakazikwa huku. Watoto wao wakaongea Kipsigis na Kiswahili. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwauliza ni raia wa wapi. Ilichotaka kwa Mwafrika ni kipande, ile karatasi ya kumfuatilia mfanyakazi asitoroke kazi. Tangu mwanzo karatasi ilikuwa ya jasho, haikuwa ya haki.

7. Halafu ikaja 12 Desemba 1963. Siku ya uhuru ilibidi iamuliwe nani ni Mkenya. Kanuni ilikuwa hivi: kama ulizaliwa Kenya, na angalau mzazi wako mmoja alizaliwa Kenya, unakuwa raia papo hapo. Huombi, hujazi fomu. Mkulima wa Sotik, mchungaji wa Chepalungu, wote waliamka raia.

8. Mtoto aliyezaliwa kwenye shamba la chai mwaka 1945, baba na mama wakiwa wamezaliwa Rwanda, hakuingia. Alipewa haki ya kuomba kuandikishwa, mradi aombe kabla ya 12 Desemba 1965. Miaka 2. Dirisha hilo hilo ndilo lililowapita Wahindi wengi wa Kenya. Lakini mwenye duka mjini alisoma gazeti, alikuwa na wakili, na mkononi alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Mchuma chai alikuwa na kikapu.

9. Na yule aliyezaliwa Rwanda kwenyewe? Huyo ilibidi aombe uraia kama mgeni yeyote, na serikali ilikuwa huru kukubali au kukataa bila kumpa sababu.

10. Sasa shika hapa, maana ndipo watu wengi hawajui. Katiba ya uhuru ilikuwa na kanuni nyingine kwa watoto waliozaliwa BAADA ya uhuru: ukizaliwa kwenye ardhi ya Kenya, wewe ni raia, isipokuwa mambo machache kama watoto wa mabalozi. Hawakuuliza wazazi wako ni nani.

11. Yaani mtoto wa mchuma chai mwenye asili ya Rwanda aliyezaliwa Kericho mwaka 1964 alikuwa Mkenya kwa sheria, hata kama baba na mama hawakuwa. Tatizo lilikuwa la kizazi kimoja tu. Lingejimaliza lenyewe polepole, wazee wakiondoka na watoto wakibaki raia.

12. Mwaka 1985 Bunge likarekebisha Katiba. Kuzaliwa Kenya kukawa hakutoshi tena. Lazima mzazi mmoja awe raia. Hilo peke yake si ajabu, nchi nyingi zina kanuni kama hiyo. Ajabu ni kwamba marekebisho yalirudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Hayakuwagusa watakaozaliwa kesho tu. Yaliwagusa waliokwisha zaliwa.

13. Piga hesabu. Aliyezaliwa 1964 alikuwa na miaka 21 mwaka 1985. Mtu mzima, umri wa kupiga kura ameshaupita. Alilala raia, akaamka si raia. Hakuiba, hakufanya uhaini, hakuapa kwa bendera ya nchi nyingine. Hakuvuka hata Mto Itare. Ni sheria iliyomvuka yeye.

14. Kuanzia hapo tatizo likaacha kujimaliza, likaanza kuzaa. Mzazi si raia, basi mtoto si raia. Mtoto si raia, basi mjukuu si raia. Aliyeponea ni yule ambaye mzazi wake mmoja alikuwa Mkenya, mathalan mama Mkipsigis. Lakini baba yake hakuponea: kabla ya 2010 mwanamke wa nje akiolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, ila mwanamume aliyeoa Mkenya hakuwa na njia hiyo.

15. Kuishi hivyo kunafananaje? Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hivyo M-Pesa yako ni ya jirani. Benki hufungui. Kazi ya kuandikwa rasmi ni shida. Katika nchi ya chai, hata ukiwa na pesa taslimu huwezi kununua robo ekari ya majani chai kwa jina lako. Na ukistaafu unatakiwa uondoke kwenye nyumba ya kampuni. Mwenzako kutoka Kisii anarudi Kisii. Wewe unarudi wapi?

16. Kuna anayesema: "Warudi Rwanda." Rwanda ilipata uhuru 1 Julai 1962. Wazee wao waliondoka huko kabla nchi hiyo haijakuwa na raia wake wa kuhesabu. UNHCR iliwaweka kwenye kundi la watu wasio na utaifa, yaani watu ambao hakuna nchi inayosema "huyu ni wetu."

17. Sasa tuende upande wa pili wa mjadala, wale walioondoka. Katiba ya zamani ilikataa uraia wa nchi mbili. Mkenya mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa Kenya ulikoma wenyewe. Haikuhitaji barua wala hakimu.

18. Mfano unaojulikana ni wa jirani zetu Nandi. Bernard Lagat, mkimbiaji wa mita 1,500 kutoka Kapsabet, alipata uraia wa Marekani Mei 2004. Agosti mwaka huo huo aliikimbilia Kenya kwenye Olimpiki ya Athens na akaleta fedha. Habari za uraia wake mpya zilijulikana 2005. Kwa sheria ya wakati ule, Mkenya tuliyemshangilia Agosti alikuwa ameacha kuwa raia tangu Mei. Na kura yake ilikuwa imeenda na uraia huo.

19. Watu kama hao wako wengi kutoka huku: manesi, walimu, wanafunzi waliobaki, wakimbiaji. Katiba ya 2010 ikawafungulia. Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kifungu cha 14(5) kinasema aliyekuwa raia wa kuzaliwa, akaupoteza kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine, ana HAKI ya kuurejesha akiomba. Si huruma ya afisa. Akithibitisha kwamba alikuwa Mkenya wa kuzaliwa, anarudishiwa.

20. Na kura yake? Inarudi pamoja na uraia, lakini haijiandikishi yenyewe. Lazima apate pasipoti au kitambulisho, kisha aingie kwenye sajili ya IEBC. Akiwa nje, anapiga kura ya rais pekee, tena kwenye vituo vilivyotengwa tu. Mwaka 2013 walioandikishwa nje walikuwa kama 2,600, katika nchi nne za Afrika Mashariki. Mwaka 2022 walikuwa kama 10,400 katika nchi 12. Kumbe hata kwa aliye na haki kamili, mlango wa tatu ni mwembamba.

21. Uongo mmoja tuumalize hapa: "Mwenye uraia wa nchi mbili hapigi kura." Anapiga. Asichoweza, kwa Kifungu cha 78, ni kuwa afisa wa serikali wa ngazi zilizotajwa kwenye Katiba, kama mbunge, gavana au waziri. Kuchagua ni kitu kimoja, kuchaguliwa ni kingine. Msivichanganye.

22. Sasa weka hawa wawili kando kwa kando. Wa kwanza aliondoka kwa hiari yake, akaapa kwa nchi nyingine, akapoteza uraia. Katiba inamwambia: rudi, ni haki yako. Wa pili hakuondoka kabisa. Sheria ya 1985 ndiyo iliyomwondolea. Kifungu cha 14(5) kinamwambia nini? Hakimwambii kitu. Maneno yake yanamhusu tu aliyepoteza "kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine." Na yeye hakuchukua wa nchi yoyote.

23. Kilichomfungulia ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Inasema mtu asiye na utaifa aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963 anaweza kuomba kuandikishwa, na vizazi vyake pia. Masharti: ajue Kiswahili au lugha ya kienyeji, asiwe amefungwa miaka 3 au zaidi, awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Sharti la lugha lingewachekesha watu wa mashamba ya chai. Lugha nyingine wangeitoa wapi?

24. Lakini angalia tena hilo neno: ANAWEZA. Na likaja na dirisha, kama lile la 1965. Miaka 5 kuanzia Agosti 2011, kisha ikaongezwa 3. Agosti 2019 likafungwa. Mara mbili kwenye historia yetu, mtu asiye na karatasi amepewa tarehe ya mwisho inayotangazwa kwenye karatasi.

25. Waliofaulu walifaulu kwa kusukuma. Wamakonde wa Kwale, waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliandamana hadi Nairobi Oktoba 2016. Mapema 2017 wakapata vitambulisho, na Agosti wakapiga kura. Kisha siku ya Jamhuri, 12 Desemba 2020, serikali ikatangaza kuwatambua Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Hao wa mwisho ndio hadithi yetu ya chai. Wapemba wa pwani wakafuata Julai 2023.

26. Turudi kwa lile swali la kwanza: "Si wanaletwa kupiga kura?" Nijibu bila kupendelea. Ni kweli tangazo la Makonde na lile la 2020 yalikuja kabla ya uchaguzi. Mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini wakati huo. Lakini la Wapemba lilikuja mwaka mmoja BAADA ya uchaguzi. Na "wanaletwa" kutoka wapi, kama wamekuwa hapa kabla Kenya haijawa Kenya?

27. Hesabu pia. Kaunti ya Kericho ilikuwa na wapiga kura zaidi ya laki nne mwaka 2022. Hata wote 1,300 wangekuwa watu wazima, wawe wanaishi Kericho yote, na wote wajiandikishe, hawafiki mmoja kati ya kila 300. Kiti cha gavana hakitikisiki. Wadi moja ndogo yenye ushindani mkali, labda. Lakini hiyo ndiyo maana ya kura. Hatumnyimi mtu kura kwa sababu inaweza kuhesabika.

28. Na hata hao waliopata hawakupata kitu sawa na ndugu wa Marekani. Aliyerejeshewa chini ya 14(5) ni raia wa kuzaliwa. Huyu wa shamba ni raia wa kuandikishwa, na uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa. Kwa mfano, akifungwa miaka 3 au zaidi kwa kosa lolote ndani ya miaka 5 baada ya kuandikishwa. Anayeitwa raia wa kuzaliwa ana kinga zaidi, japo wote wawili wamezaliwa huku huku.

29. Kuna hili pia halisemwi. Katiba inamzuia kugombea ubunge au uwakilishi wa wadi yeyote ambaye hajakuwa raia kwa miaka 10 kabla ya uchaguzi. Aliyeandikishwa 2021 hawezi kugombea hata MCA mwaka 2027. Atasubiri hadi 2032. Kwa hivyo wale wanaoogopa "kutawaliwa na wageni" walale usingizi. Kwa sasa anaweza kuchagua tu.

30. Habari njema iko kwa watoto. Kifungu cha 14(1): ukizaliwa wakati baba au mama yako ni raia, wewe ni raia wa kuzaliwa, wala haijalishi mzazi alipataje uraia. Mtoto aliyezaliwa baada ya mzazi kuandikishwa amekata ule mnyororo wa 1985. Kaka yake aliyezaliwa kabla, hapana. Yeye lazima aombe. Nyumba moja, sufuria moja ya ugali, aina mbili za uraia.

31. Hoja ya wanaotaka ukaguzi naielewa. Serikali haiwezi kumpa kila mtu kitambulisho kwa kusema tu "nilizaliwa hapa." Sawa. Wakaguliwe. Lakini ukaguzi ni wa kumpata anayestahili, pamoja na kumkataa asiyestahili. Kifungu cha 83(3) kinasema taratibu za kuandikisha wapiga kura na za uchaguzi zisaidie raia mwenye sifa, zisimnyime. Wazee wa vijiji, makanisa, shule na kampuni zenyewe zinajua nani ameishi wapi tangu lini.

32. Maoni yangu, na unaruhusiwa kuyapinga: haki ya kurejesha uraia ilipaswa kuandikwa kwa wote walioupoteza, si kwa walioupoteza kwa njia moja. Bunge lililotoa uraia mwaka 1985 kwa kurudisha sheria nyuma lina uwezo wa kurekebisha Sheria ya 2011 na kuondoa tarehe ya mwisho. Haihitaji kura ya maoni. Inahitaji mswada na wabunge waulizwe.

33. Kwa vitendo, kabla ya 10 Agosti 2027:
• Kama unaye jamaa nje aliyepoteza uraia kabla ya 2010, mwambie kuomba kurejeshewa ni haki yake, na aanze mapema. Uraia, kisha karatasi, kisha sajili. Kwa mpangilio huo.
• Kama unaishi karibu na mashamba, mwulize mzee jirani kama wajukuu wake wana vyeti vya kuzaliwa. Akifika 18 bila cheti wala kitambulisho cha mzazi, ataanza safari ile ile ya babu yake.
• Kama wewe ni raia tayari na hujajiandikisha, sina la kukuambia. Una milango miwili wazi na wa tatu uko kwa ofisi ya IEBC iliyo karibu nawe.

34. Wakati mwingine ukisikia kwenye redio au kwenye mkutano kwamba kuna watu "wanapewa uraia," uliza swali moja kabla ya kupiga makofi au kuzomea: wanapewa, au wanarudishiwa? Kwa aliyezaliwa Kericho kati ya 1963 na 1985, jibu limo kwenye Katiba ya uhuru. Alikuwa nao.

Mwisho wa uzi. Maswali yaacheni hapa chini, na mwenye babu aliyechuma chai enzi hizo, tusimulie.